Mali bila daftari: injini inapokufa baada ya waranti kwisha

(Maelezo ya Afisa Habari katika mkutano wa wananchi wa kata)



Nimeombwa kuzungumzia malori, na hasa hasara inayompata mwenye lori pale injini inapokufa wakati dhamana ya mtengenezaji, tunayoiita waranti, imekwisha. Huenda mtu akasema jambo hili ni la matajiri. Sivyo. Vitunguu vya Mang'ola havifiki sokoni bila lori. Ndugu zetu wa Endulen na Nainokanoka, wanaoishi ndani ya hifadhi ambako kilimo hakiruhusiwi, hula unga uliopandishwa na lori. Injini ikifa, wanaoumia ni wengi.

Nitatoa mfano wa nyumbani kwetu. Baba yangu mdogo na wenzake wawili walichanga akiba, wakaongeza mkopo, wakanunua lori jipya. Waranti ilikuwa ya miaka 2 au kilomita 100,000, kitakachotangulia. Mwezi wa 20, maji ya rejeta yakaanza kupungua bila kuonekana yanakovuja. Baba mdogo akampigia simu muuzaji, akajibiwa aongeze maji, wataangalia katika huduma ijayo. Akaongeza maji. Akaendelea kuongeza kwa miezi 8.

Mwezi wa 28, lori likiwa limesheheni vitunguu, likipandisha kutoka bonde la Eyasi kuja Karatu, lilitoa moshi mweupe, likachemsha, injini ikanoki. Mvua ikavinyeshea vitunguu vya watu kwa siku 2. Matengenezo yaligharimu shilingi milioni 14, na marejesho ya mkopo hayakusubiri.

Muuzaji alisema waranti imekwisha miezi 4 iliyopita. Sisi tukasema ubovu ulianza kabla haijaisha. Akauliza: mliandika wapi? Akaomba daftari la huduma, akakuta mihuri 2 tu, kwa kuwa oili nyingine zote zilibadilishwa kwenye gereji za barabarani bila risiti. Ukweli tulikuwa nao, lakini karatasi hatukuwa nayo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndugu wananchi, tuelewe kilichotokea ndani ya injini. Gasketi ya silinda hedi ikianza kupasuka, maji huingia mahali mafuta yanapochomwa, na moshi huwa mweupe. Maji yakipungua, joto hupanda. Silinda hedi hupinda, oili hupoteza nguvu ya kulainisha, na pistoni hukwama. Mazingira yetu huharakisha hali hiyo. Mto wa Mbu uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,000, Karatu takriban 1,500, na ukingo wa Kreta ya Ngorongoro hupita 2,200. Lori hupanda kwa gia nzito muda mrefu. Vumbi letu huziba chujio la hewa na mapezi ya rejeta. Tukiongeza gunia la lumbesa, ambalo tayari linampunja mkulima, tunaipunja na injini.

Je, waranti ikiisha, haki nayo imekwisha? Si lazima. Waranti ni ahadi ya mtengenezaji. Sheria ni jambo lingine. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inaweka masharti kuhusu ubora wa bidhaa na kufaa kwake kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji, ingawa mkataba unaweza kuyapunguza. Kwa hiyo someni mkataba kabla ya kutia saini. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inamlinda mlaji, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko. Lakini kote huko, swali la kwanza litakuwa lile lile: ushahidi uko wapi?

Basi naomba tuzingatie haya. Kwanza, andikeni tarehe ya mwisho ya waranti pamoja na kilomita zake, na mwezi mmoja kabla pelekeni gari likakaguliwe lote, mpewe ripoti ya maandishi. Pili, kila dalili, iwe maji kupungua, moshi, oili kuliwa au mlio mgeni, ipelekeni kwa barua yenye tarehe, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Tatu, tunzeni risiti za EFD za oili, vichujio na vipuri, na andikeni kilomita za kila huduma. Nne, dereva akiona sindano ya joto inapanda, asimame na azime injini. Asifungue rejeta ikiwa ya moto. Tano, injini ikiharibika, isifunguliwe kabla muuzaji hajaarifiwa kwa maandishi na picha hazijapigwa, kwani kilichofunguliwa ovyo hakithibitishi kitu. Sita, wekeni akiba ya matengenezo kutoka kila safari, tangu siku ya kwanza.

Nidhamu hii inatuhusu hata sisi watumishi. Magari ya umma yana vitabu vya safari na hupelekwa kwa Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, kwa ukaguzi na matengenezo. Gari la wagonjwa likikosa huduma kwa wakati, gharama yake si fedha pekee. Mnayo haki ya kuuliza katika vikao vyenu kama linatunzwa.

Baba mdogo sasa ana daftari la jalada gumu, analiweka chini ya kiti cha dereva. Lori limerudi barabarani, na deni bado analilipa. Aliniruhusu nisimulie kisa chake kwa sharti moja: kwamba atakayesikia, leo akifika nyumbani, atafute tarehe ya mwisho ya waranti yake.