Muda Isiongezwe mu Giza

Maneno ya mwenzetu mumoja mbele ya wanunuzi wa viwanja, Bukavu. Tumeyaandika jinsi yalivyotoka, kwa wale hawakufika.



Sitakawia, juu mvua inakaribia na wamama wengi hapa wameacha meza zao sokoni.

Nianze na mama mudogo wangu. Anauzisha sambaza mu soko ya Kadutu. Kwa miaka mine, kila likelemba ilipomufikia, alikamata ile pesa na kuipeleka kwa kompani yenye kugawa viwanja. Leo iko na risiti kumi na saba mu mufuko wa plastiki, chini ya matela. Kiwanja yenyewe alionyeshwa kwa kidole tu: "Mama, yako ni pale, nyuma ya ule mugomba." Mwaka huu alirudia kuangalia. Mugomba hauko. Pale ulikuwa kumebaki shimo, na maji inapita ndani.

Wengi wenu munacheka juu na ninyi muko na mugomba wenu.

Sasa habari mumeisikia. Ruhusa ambayo muji uliipa kompani kwa kugawa hii kilima imefika mwisho. Barabara hazikufunguliwa, mawe ya mipaka haikuwekwa, hata mufereji moja hakuna. Kompani imeandika barua ya kuomba muda ingine. Muji utajibu. Swali yetu ya leo: tuseme ndiyo ao hapana?

Nitawaambia ukweli. Wiki mbili zilizopita, mimi njo nilikuwa wa kwanza kuandika HAPANA mu herufi kubwa. Kitambaa ilikuwa tayari, tulikuwa tunapanga siku ya kwenda nayo mbele ya meri. Mama mudogo aliisoma, kisha akaniuliza: "Na wakikataliwa, udongo inarudia kwa nani?"

Nikakosa jibu. Mimi mwenye diploma ya sheria, miaka mbili sasa iko inaning'inia ukutani juu kazi hakuna. Nikarudia kusoma.

Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema wazi: udongo wa Kongo ni mali ya Serikali, hauuzwi. Mutu anapewa haki ya kuutumia, njo ile wanaita konsesio. Na ile haki inasimama imara pale tu jina yako inaandikwa mu sertifika, kwa ofisi ya hati za ardhi. Risiti ya akonti haimupe mutu ile haki. Inaonyesha tu kama ulitoa pesa, na kama kuna mutu iko na deni yako.

Kwa hiyo ruhusa ikikufa leo, ile kilima haitaangukia mu mikono ya wale walilipa. Mwenye nguvu anaweza kuja kesho na plani mupya, na kukuta mama mudogo amesimama na mufuko wake wa plastiki. Mu huu muji tunajua ile muchezo: kiwanja moja, karatasi tatu, na kesi yenye watoto wataridhi.

Njo vile niliona "hapana" yetu inaweza kuumiza yule tulitaka kumulinda.

Lakini musiende mbio kwa "ndiyo". Ruhusa ya kugawa viwanja inakuja na kazi. Mwenye kuipata anapaswa kupima, kuweka mipaka, kufungua barabara, kuchimba mifereji, kuacha nafasi ya masomo, ya kituo cha afya, ya soko. Hapa, miaka yote hii, kuuzisha kuliendelea na kazi ikalala. Wakiongezewa muda bila sharti, ni kuuzisha tu kutaongezewa muda. Na kipande ya kwanza kuuzishwa itakuwa ile ya masomo, juu haina mwenye kupiga kelele.

Kompani inasema ilizuiwa: vita, bei ya simenti, ugomvi na jamaa zenye udongo wa kimila. Sitasema yote ni uongo. Vita tunaijua, haikupita kwao peke yao. Lakini mutu aliyezuiwa kuchimba mufereji, mbona hakuzuiwa kupokea akonti?

Na kuna jambo lingine, kwangu njo kubwa kuliko yote. Udongo haukungojea. Bukavu ni muji wa miteremuko, ninyi munajua. Mvua ikinyesha mingi, udongo unatembea na nyumba, na tunazika watu. Plani ambayo muji ulikubali ilichorwa zamani. Pale ilichora barabara, leo kuna korongo. Pale ilichora viwanja, maji imejipatia njia. Meri ikitia muhuri kwa tarehe mupya bila kutuma mutu kupima upya, itakuwa imekubali kilima yenye haiko tena. Mama mudogo ataweza kupata sertifika safi kabisa, ya shimo.

Tuangalie Kadutu. Nyumba zimebanana mpaka moto ikiwaka, gari ya kuzima haina pa kupitia. Watu wa kule hawakupenda kukaa vile. Watu walifika mbele, barabara haikufika. Kutoka Kalehe, Mwenga, Shabunda, watu wamekimbia vita wakaja kutafuta mahali ya kulala, kila mutu akajipanga kwa artikle 15. Hapa kwetu bado kuna nafasi ya kuanza na barabara. Lakini kila mwezi mutu anachoka kungojea, anajenga chumba mbili bila mufereji, na ile nafasi inapunguka.

Basi jibu yetu kwa muji ni hii: ndiyo, lakini kwa sharti, na wazi mbele ya watu wote. Tunaomba mambo tano.

Moja. Barua ya kompani, plani, na jibu ya muji zibandikwe mu ofisi ya komini na ya karitie, mahali kila mutu anaweza kusoma. Muda isiongezwe mu giza.

Mbili. Mbele ya sahihi, watu wa mipango ya muji na wa kadasta wapande hapa, wapime upya. Kipande yenye haifai kujengwa itolewe mu plani, na mwenye kuilipia apewe ingine.

Tatu. Risiti zote ziandikwe mu buku moja: kiwanja moja, jina moja. Na hakuna kuuzisha kiwanja mupya hata moja mpaka barabara na mifereji zionekane.

Ine. Muda iwe mufupi na iwe na hatua. Miezi sita: mipaka, pamoja na nafasi ya masomo na ya kituo cha afya. Miezi sita ingine: barabara na mifereji. Kila mwisho wa hatua, wajumbe wa wanunuzi wapande kilima pamoja na watu wa muji. Kazi haikuonekana, muda inakatwa.

Tano. Iandikwe tangu leo nini itafanyika wakishindwa: pesa irudishwe, ao Serikali iwapatie viwanja kwanza wale wako mu buku. Hii njo jibu ya swali ya mama mudogo. Isipoandikwa, hatuna jibu.

Vijana fulani wananiuliza: harakati yetu inaingia mu mambo ya viwanja kwa nini, wakati hata kazi hatuna? Wandugu, nani kati yetu hajahamishwa mara tatu na mwenye nyumba? Nani hajakosa chumba juu ya garanti ya miezi mingi? Katiba yetu, artikle 48, inatupa haki ya nyumba yenye kufaa, ya maji na ya umeme. Ile haki inaanzia hapa, mu mambo ya mufereji na ya jiwe ya mupaka.

Sasa kazi yetu. Jumamosi ijayo, kila mununuzi alete kopi ya risiti zake. Nimesema kopi! Orijinale ibaki chini ya matela, hata mimi musinipatie. Mwenye alipoteza risiti aje na mutu alimuona akilipa, tutaandika pia. Mwenye alilipa kwa simu, atafute ujumbe wa malipo mbele haujafutika. Kisha tutaandika petisio. Artikle 27 ya Katiba inatupa ile haki. Tutaipeleka kwa meri kwa mikono yetu, na tutaomba kopi yenye muhuri ya kupokelewa.

Kwa ile njia hakuna jiwe, hakuna tusi. Mutu wa kompani akija hapa, asiguswe. Tunataka achimbe mufereji, na mutu aliyevunjika mukono hachimbi.

Na ninyi mumeanza kujenga, ninawaomba kama mutoto wenu: ngojeni vipimo. Najua kungojea kumewachosha. Lakini nyumba ikisimama mu njia ya maji, hakuna petisio itaizuia kwenda.

Ile kitambaa ya HAPANA hatukuitupa. Tumeikunja, iko kwangu. Muji ukitia sahihi bila kutusikiliza, tutaikunjua, na ile siku tutajua vizuri kwa nini tunaibeba.

Wamama, muende mbele mvua haijaanza. Mapambano inaendelea.