PANYA NDANI YA INJINI, NA MSHAHARA WA DEREVA

(Hotuba kwa wanachama wa tawi la Garissa)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya panya. Naona wengine wanatabasamu. Lakini hebu tulipime jambo lenyewe. Panya akitoboa gunia la mahindi, hasara ni vibaba vichache. Akikata waya mmoja ndani ya injini, gari zima husimama na shehena yake, na mtu wa kwanza kuulizwa ni dereva. Kwa hiyo nina mambo mawili ya kusema leo. La kwanza ni namna ya kumzuia panya asiingie katika magari tunayoyaendesha. La pili ni namna ya kuzuia gharama ya panya isikatwe katika mshahara wa mfanyi kazi. Mambo haya mawili huenda pamoja, na nitaeleza kwa nini.

KWA NINI PANYA HUTAFUNA WAYA

Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote. Asipoyasaga kwa kutafuna kitu kigumu, yatamzidi kinywa ashindwe kula. Basi yeye hutafuna mbao, plastiki, mpira, hata bomba la risasi. Hana haja na shaba iliyomo ndani ya waya. Waya umekaa tu mahali panapofaa meno yake. Tena injini iliyozimwa jioni hubaki na joto kwa saa kadhaa, ina giza, ina pembe nyingi, na paka haimpitishi kwa urahisi. Kwa panya jike mwenye mimba, hiyo ni nyumba iliyokwisha jengwa.

Wako wasemao kwamba nyaya za siku hizi huliwa kwa sababu maganda yake hutengenezwa kwa soya. Huko Marekani wenye magari wamekwenda mahakamani kwa ajili ya neno hilo. Lakini makanika wazee watawaambia kuwa panya walizikata hata zile nyaya za kale zilizofunikwa kwa mpira na kitambaa. Kilichobadilika zaidi ni gari lenyewe. Lori la dizeli la zamani, lenye pampu isiyotegemea umeme mwingi, liliweza kufika Wajir hata taa zikifa. Injini za sasa huongozwa na kompyuta na sensa nyingi. Waya mwembamba ukikatika, injini hukosa nguvu au hukataa kuwaka kabisa.

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO KWETU

Mahali pengine dereva akikwama hupiga simu, na fundi huja kwa pikipiki. Sisi twazijua njia zetu. Kutoka hapa Garissa hadi Dadaab ni karibu kilometa 100. Hadi Wajir ni zaidi ya 300, na Mandera iko mbali kupita huko. Kuna sehemu hakuna simu, hakuna maji, na jua halimhurumii mtu. Tena kuna hatari ya maisha. Tarehe 22 Novemba 2014 watu 28 waliokuwa wakisafiri kwa basi waliuawa karibu na Mandera. Njia kama hiyo si mahali pa kusimama usiku ukitafuta kwa tochi waya uliokatwa.

Kuna moto pia. Waya uliovuliwa ganda ukigusa chuma cha gari hupiga shoti. Panya akiwa amejaza majani makavu hapo karibu, na paipu ya mafuta nayo imetafunwa, gari laweza kuwaka moto taniboi akiwa amelala juu ya mzigo.

Tena panya wana majira yao. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wamewachunguza panya wa mashambani kwa miaka mingi. Wameona kwamba mvua nyingi huotesha majani na mbegu, na mbegu huleta kizazi kikubwa cha panya. Jike mmoja wa aina hiyo aweza kuzaa watoto 10 na zaidi kwa mara moja. Chakula kikipungua nyikani, panya huja majumbani, maghalani na katika yadi. Na Mto Tana ukifurika, kama ulivyofurika Novemba 2023, kila kiumbe cha ukingoni hutafuta mahali pakavu.

Ongezeni hapo vichaka vya mathenge, mti uliopandwa Bura katika miaka ya 1980 na ambao sasa huota hata kwenye kuta za yadi. Ongezeni mahindi na unga umwagikao kutoka malori ya chakula. Panya apate nini tena? Amepewa kichaka cha kujificha, chakula, na injini ya kulala.

KILA ASUBUHI KABLA YA KUWASHA

1. Gonga boneti kwa fimbo, ngoja kidogo, kisha fungua. Usitie mkono mahali usipopaona. Nyoka humfuata panya, naye pia hupenda joto.

2. Tazama juu ya betri, ndani ya kasha la kichujio cha hewa, nyuma ya taa za mbele, na chini ya sponji ya boneti. Tafuta mavi ya panya, majani, matambara, maganda ya mbegu, harufu ya mkojo na alama za meno.

3. Inama utazame chini ya gari. Tone la mafuta, la maji ya rejeta au la breki ni sababu ya kusimamisha gari. Usiseme, "Tutaona mbele ya safari."

4. Ukiona dalili yo yote, usiwashe. Vua kwanza kichwa cha betri cha upande wa hasi, kisha mwite makanika.

5. Andika katika daftari la gari: tarehe, saa, ulichoona, na uliyemwambia. Piga picha kwa simu yako. Jambo hili la kuandika nitalirudia.

Kazi hii ni ya dakika 10. Ni sehemu ya kazi, na kwa hiyo ni dakika za kulipwa, wala si hisani ya dereva kwa mwenye gari.

MATENGENEZO

Ndugu makanika, waya uliotafunwa hautengenezwi kwa kuuzungushia tepu tu. Kata sehemu iliyoharibika mpaka ufikie shaba safi, unga kwa kuchomelea risasi, funika vizuri, kisha zipitishe nyaya ndani ya bomba la plastiki gumu na uzifunge mbali na chuma chenye joto. Tundu la kuingizia hewa liwekewe wavu wa chuma wenye macho madogo. Panya mdogo hupita penye tundu la upana wa kidole, basi wavu wa kuku haufai.

Na fyuzi ikikatika, tafuta sababu. Mtu awekaye kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi ameondoa mlinzi wa pekee aliyesimama kati ya shoti na moto.

Ziko dawa nyingi zinazosifiwa. Kampuni ya Honda imeuza utepe wa nyaya uliotiwa ukali wa pilipili, nao waweza kusaidia. Kupaka petroli au dizeli ndani ya injini ni kualika moto, tena huharibu mpira. Vile vyombo vya kupiga sauti isiyosikika na binadamu msivitegemee. Mwaka 2001 serikali ya Marekani iliwaandikia onyo watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vyombo hivyo, kwamba madai yao yawe na ushahidi. Mwajiri akinunua kidude kimoja, asidhani amemaliza kazi.

KATIKA YADI

Ushindi uko yadini kuliko ndani ya injini. Majani na mathenge vikatwe kuzunguka ukuta. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na nafaka iliyomwagika izolewe siku ile ile. Tairi kuukuu na masanduku matupu yaondolewe. Taniboi asiache tende, mkate wala mifupa ndani ya kabini.

Mitego iwekwe kando ya ukuta, kwa maana panya hupenda kupita ukutani. Kwa kuwa huogopa kitu kigeni, iachwe siku mbili tatu ikiwa na chambo bila kutegwa, kisha itegwe yote kwa usiku mmoja. Gari lisilokwenda lisogezwe na kuwashwa mara kwa mara. Katika jangwa la Arizona, Marekani, ambako wako panya wajengao viota vya vijiti ndani ya magari, watu huacha boneti wazi usiku na kuwasha taa chini yake. Panya hapendi nyumba isiyo na paa. Hilo twaweza kulifanya hapa bila gharama kubwa, mlinzi akiwapo.

Paka wa yadi apewe maji na heshima yake. Bundi naye msimfukuze kwa mawe, kwani chakula chake kikubwa ni panya.

Sumu ndiyo ya mwisho, na itiwe na mtu aliyefundishwa, ndani ya kisanduku kilichofungwa. Mbuzi wa jirani, paka, bundi na hata mtoto waweza kufa kwa sumu ya ovyo. Tena panya aliyekula sumu huenda kufia ndani ya gari, na uvundo huo mtasafiri nao.

Msifagie mavi ya panya yakiwa makavu. Vaeni glavu, nyunyizeni maji yenye jiki, ngojeni, kisha futeni. Mkojo wa panya huleta homa ya mgunda, ambayo Julai 2022 iliwaua watu 3 mkoani Lindi, Tanzania. Glavu hizo ni za mwajiri kununua.

MSHAHARA WETU

Sasa nafika kwenye jambo la pili. Chukueni mfano. Dereva arudisha gari jioni likiwa zima. Asubuhi haliwaki, na makanika akuta fungu la nyaya limetafunwa. Fungu jipya laweza kupita mshahara wa mwezi mzima. Mwajiri asema, "Gari lilikuwa mikononi mwako, utalipa."

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyi kazi. Neno "makusudi" lishikeni vema. Panya hakutumwa na dereva. Sheria hiyo pia yasema makato yote pamoja yasipite theluthi mbili za mshahara. Na mwajiri akitaka kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu, kifungu cha 41 chamtaka amsikilize kwanza, naye mfanyi kazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama kando yake.

Vile vile, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo yamtaka mfanyi kazi atoe habari mara aonapo hatari kubwa. Mwajiri naye haruhusiwi kumrudisha penye hatari hiyo kabla hajaiondoa.

Hapo ndipo daftari linapofanya kazi yake. Dereva aliyesema kwa mdomo ana maneno. Dereva aliyeandika kwamba tarehe fulani aliona mavi ya panya, akamwambia mkubwa wa yadi, na yadi haikusafishwa, huyo ana ushahidi. Asiyefungua boneti wala kuandika anampa mwajiri nafasi ya kusema kuwa ni mzembe. Ndiyo maana nilisema mambo haya mawili huenda pamoja: ukaguzi wa asubuhi hulinda gari, na hulinda mshahara pia.

Basi wajumbe wetu wapeleke madai manne kwa waajiri: yadi isafishwe na mitego inunuliwe, glavu na mtungi wa kuzimia moto viwepo, dakika za ukaguzi zihesabiwe kuwa kazi, na asikatwe mtu hata senti kwa ajili ya panya bila kusikilizwa mbele ya mjumbe wa chama.

Wazee walisema panya wengi hawachimbi shimo. Wao ni wengi, lakini hawana shauri moja. Sisi tunalo. Dereva aandike, makanika atengeneze kwa uaminifu, mlinzi aangalie usiku, na mjumbe asimame nao. Mkikatwa mshahara kwa jambo hili, msinung'unike hotelini. Njooni ofisini mwa tawi na daftari mkononi.

Umoja ni nguvu.