Hili Umelitoa Wapi?

Msikilizaji, kama uko jikoni unaosha vyombo, mwite huyo mtoto wa sekondari aje na daftari lake. Wiki hii nimesahihisha tena swali lile lile: pembetatu pacha ABC, upande AB ni sawa na AC, thibitisha kwamba pembe za kitako, B na C, ni sawa. Na tena nimekuta watoto wamefungua mkebe, wakatoa kipimapembe, wakaandika: B nyuzi 65, C nyuzi 65, imethibitika. Haijathibitika! Fundi wa kenchi akipima simlaumu, anaezeka nyumba moja. Wewe umeulizwa habari za pembetatu pacha zote.

Lakini kinachoniuma hasa ni hiki. Binti mmoja alichora vizuri, penseli imechongwa, akashusha mstari kutoka A mpaka D kwenye kitako. Chini yake akaandika: pembe A imegawanyika sawa, kitako kimekatwa katikati, AD ni wima, B ni sawa na C, kwa hiyo pembetatu hizi mbili zinalingana, kwa hiyo B ni sawa na C. Ukisoma haraka unampa vema. Hebu rudi nyuma: B sawa na C ameitoa wapi? Si ndiyo aliyoulizwa?

Chagua jambo moja tu. Sema AD inagawa pembe A sawa. AB na AC tumepewa, AD ni ya pembetatu zote mbili, na pembe iliyo kati ni sawa. Zinalingana, basi B ni sawa na C. Huo wima utakuja wenyewe.

Euclid wa Alexandria, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, hata mstari huo aliukwepa. Swali hili ni hoja ya 5 ya kitabu chake cha kwanza. Kugawa pembe ni hoja ya 9, nayo imejengwa juu ya hiyo ya 5. Pappus, wa mji huohuo, karne ya 4 baada ya Kristo, hakuchora kitu: alilinganisha pembetatu na yenyewe ikiwa imegeuzwa. AB inakaa mahali pa AC, AC mahali pa AB, pembe A ni ileile, basi B inaangukia C.

Mzazi, usiulize amepata ngapi. Weka kidole kwenye kila mstari, umwulize: hili umelitoa wapi? Akikosa jibu, afute, aanze upya usiku huu huu.