Mvulana Kifaransa, Msichana Sindano



Juzi sokoni Kikula, hapa Likasi, nilimsikia baba mmoja akisema binti yake ameacha sekondari, kaka yake anaendelea. Pesa haikuwatosha wote wawili. Kwa nini akatishwe masomo msichana? Akajibu neno moja: desturi.

Desturi ya nani? Mkongomani mwenzetu, Profesa Gertrude Mianda wa Chuo Kikuu cha York, Toronto, mwaka 2002 alichapisha utafiti juu ya elimu na mahusiano ya mume na mke enzi za Wabelgiji. Alilipekua gazeti la La Voix du Congolais, lililotoka Léopoldville toka 1945 hadi 1959. Humo waliandika wale walioitwa évolués: makarani, tai shingoni, Kifaransa kinatiririka. Na kilio chao kimoja kilikuwa wake zao. Hawajasoma, wanatuaibisha mbele ya wageni.

Lakini nani aliwanyima? Mvulana alifundishwa Kifaransa. Msichana alifundishwa kushona, kupika, kumwogesha mtoto. Mpango wa masomo wa 1948 uliwatenga waziwazi. Halafu aliyefunguliwa mlango akamcheka aliyefungiwa nje! Na dawa waliyoiomba wanaume hao? Asomeshwe, ndiyo, ili awe mke wa kufaa. Hilo lilinichoma, maana hotuba hiyohiyo ninaisikia kila harusi ya Jumamosi.

Hapa kwetu, mji ukiitwa bado Jadotville, mambo yalikuwa hayohayo. Kampuni ya madini ya Union Minière ilipoanza kuwataka wafanyakazi wakae na wake zao, mwishoni mwa miaka ya 1920, ilijenga makambi na shule. Watoto wa Wazungu walikuwa na shule zao mbali. Mtoto wa kiume wa kambini alitayarishwa kumfuata baba karakanani. Dada yake alishikishwa sindano. Kampuni ilitaka fundi, na mtu wa kumpigia fundi pasi shati lake. Kwa hiyo, baba wa Kikula, unachokiita desturi ni ratiba ya kampuni. Babu yako hakuitunga.

Na ratiba hiyo iliacha alama: Sophie Kanza, Mkongomani wa kwanza mwanamke kumaliza chuo kikuu, alimaliza mwaka 1964. Uhuru ulikuwa na miaka minne tayari.

Na leo? Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure. Sekondari bado inalipiwa, na hapo ndipo mabinti wetu wanapodondoka.

Nina ombi. Mabibi wa Panda na Shituru mliopita madarasa yale ya kushona: kama kuna daftari la zamani sandukuni, msimpe muuza karanga alichane kufungia karanga zake. Mwiteni mjukuu wa kike, mkae naye, mmweleze kila somo mlilofundishwa. Na yale mliyonyimwa, ayaandike yeye.