Sindano, waya na maumivu sugu ya mgongo

Mgonjwa amelala kifudifudi. Daktari anamsafisha ngozi kwa spiriti, anafungua pakiti ya sindano mpya, nyembamba kama unywele, na kuzichoma kiunoni, kandokando ya uti wa mgongo. Waya zenye vibanio zinaunganishwa na mashine ndogo ya betri. Umeme unaongezwa taratibu hadi misuli ianze kuchezacheza, bila kuuma. Mgonjwa hukaa hivyo kama dakika 20 hadi 30.

Hii ndiyo akyupancha ya umeme, na haina uchawi wowote. Mjini Beijing, Profesa Han Jisheng alianza kuchunguza tiba ya sindano mwaka 1965. Timu yake ilichota maji ya ubongo ya sungura aliyetibiwa, ikamtia sungura asiyetibiwa. Naye akastahimili maumivu zaidi! Baadaye walibaini kuwa mapigo 2 ya umeme kwa sekunde huamsha endofini na enkefalini, na mapigo 100 huamsha dainofini. Zote ni dawa za maumivu ambazo mwili hujitengenezea.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliikubali tiba ya sindano kwa maumivu sugu ya kiuno, ingawa kwa masharti.

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiunganishwe na umeme huo. Mjamzito na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda wamweleze daktari mapema. Na maumivu ya mgongo yakiambatana na miguu kufa ganzi au mkojo kutoka wenyewe, mgonjwa akimbizwe hospitali mara moja.