MOSHI MWEUPE WA PIKAPU ZA DIZELI
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Silibwet



Labda mwajiuliza watu wa reli wana habari gani na pikapu. Kweli, reli haikufika huku. Njia ilipita Londiani na Kipkelion, ikafika Kisumu mwaka 1901, na vilima hivi vikaachwa kando. Ndiyo sababu majani ya chai, maziwa na viazi vya hapa vyategemea magari. Lakini dizeli ni dizeli, iwe ya garimoshi au ya pikapu: haiwashwi kwa cheche. Pistoni huibana hewa mpaka ipate moto wa kuunguza mafuta. Yasipoungua, hutoka bombani kama ukungu mweupe.

Hapa tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Hewa imepungua kama sehemu moja katika tano kuliko Mombasa, tena alfajiri ni baridi kali. Basi gari kuukuu likitoa moshi mweupe dakika mbili tatu, kisha likasafika, si jambo la kufungulia injini. Tuushughulikie ule moshi usiokoma hata injini ikisha pata moto.

Kwanza tujue: ni mafuta au ni maji? Moshi wa mafuta mabichi hunuka dizeli, huwasha macho na kukawia hewani. Mvuke wa maji hupotea upesi, na kama rejeta ina dawa ya kupozea, harufu yake ni tamu tamu. Asubuhi kabla ya kuwasha, fungua rejeta, tazama maji yamefika wapi, utie alama. Usiifungue ikiwa moto kamwe. Kwa urefu huu maji huchemka kwenye digrii 93 hivi, na kifuniko ndicho kinachoyazuia yasikurukie usoni. Maji yakipungua kila siku na hapana panapovuja, au yakitoa mapovu injini ikinguruma, au oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, basi yaelekea gaskiti ya hedi imeungua ama hedi ina ufa. Gari hilo lisiende safari nyingine.

Maji yakiwa salama, fuata mafuta, na uanze na vilivyo rahisi. Plagi za kupashia moto, ambazo mafundi huziita hita, hupimwa kwa taa ndogo: toa waya wa plagi, unganisha taa kati ya plagi na chanya ya betri; isipowaka, plagi imekufa. Kisha mwaga maji yaliyotuama katika chujio la dizeli. Halafu nozo, halafu majira ya pampu. Mkazo wa silinda upimwe mwisho. Wako mafundi wanaoanzia huko mwisho, maana ndiko kwenye pesa.

Hapa tuseme neno zito. Iko desturi ya kulegeza nati za mabomba ya nozo injini ikinguruma, ili kuijua silinda mbovu. Kwa injini mpya zenye bomba moja la shindo kuu, usifanye hivyo kabisa. Dizeli humo husukumwa kwa nguvu inayopita mara elfu nguvu ya hewa ya kawaida, nayo hupenya ngozi. Tundu lake ni kama la sindano, pengine haliumi sana mwanzoni, lakini mkono waweza kukatwa. Aliyepatwa aende hospitali ya Tenwek saa ile ile, aseme wazi kwamba ni dizeli imeingia mwilini.

Sasa mshahara. Injini ikifa, wako wenye magari wanaomkata dereva miezi mingi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata kiasi cha haki kwa hasara aliyoileta mfanya kazi kwa kusudi. Tena makato yote pamoja yasipite theluthi mbili za mshahara. Kwa hiyo kila dereva awe na daftari: maji, oili, moshi umekaa dakika ngapi, na nani ameambiwa. Aliyeandika Jumatatu kwamba maji yapungua, akaamriwa apakie majani tu, ataambiwaje Ijumaa kwamba ameiua injini kwa kusudi?

Mwenye karatasi ya makato mkononi asiondoke. Tutaisoma pamoja sasa hivi.