Wazee wa Mashamba Wasisahauliwe



Leo hatusemi habari za mshahara. Twasema habari za wazee waliotutangulia kazini.

Wamakonde walitoka Msumbiji, wakaja kukata mkonge na miwa katika mashamba ya Pwani, hasa Kwale. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988, wao walibaki, wengi wao bila kitambulisho. Mwezi wa Oktoba 2016 walifunga safari kwenda Nairobi kudai haki, na Serikali ikaamuru wapewe vitambulisho. Wapemba waliohamia Pwani walingoja mpaka mwaka 2023.

Kitambulisho si karatasi tu. Tangu mwaka 2018 mzee aliyetimiza miaka 70 aweza kuandikishwa katika Inua Jamii apate shilingi 2,000 kwa mwezi, lakini kwanza huulizwa kitambulisho. Bima ya SHA nayo, iliyoshika mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024, huandikisha raia kwa namba hiyo hiyo.

Basi haki imekuja, lakini imekuja mtu amekwisha zeeka. Hasomi fomu, hana simu, na miguu haimfikishi ofisini.

Kwa sababu hii twaomba kila tawi liwatafute wazee hawa, liwajazie fomu, na kuwafikisha kwa chifu. Mtu aliyetoa nguvu zake zote shambani asirudishwe mlangoni pa hospitali kwa kukosa namba.

Umoja ni nguvu.